Fuwele ya Jafeti na Beseni Langu la Asidi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa msumari, mawe mawili meupe na stuli yenye mguu mmoja mfupi. Mkuu wa Kituo, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, aliyaweka yale mawe mezani akasema, "Haya yanafanana lakini si ndugu. Naenda posta. Nikirudi uniambie lipi gumu, lipi laini, na usilivunje hata moja."

Nikabaki nayo. Nilikuwa nimetoka shule juzi tu, na wakati huo nilidhani jiwe ni jiwe. Nikalikwaruza la kwanza, msumari ukateleza. La pili likatoa unga mweupe kama wa muhogo. Aliporudi nilimwonyesha, naye akadondosha tone la asidi juu ya ule unga. Unga ukachemka, ukatoa povu, na moto haupo! Niliruka nikaangusha stuli.

"Hiyo ndiyo kalsaiti," akasema. "Ni laini, na asidi huila. Mawe mazuri mara nyingi hukua ndani yake. Kazi yako itakuwa kuyatoa."

Vijana wa kikundi kinachochimba mawe huku kwetu Kakamega wameniomba niandike jinsi kazi hiyo ilivyofanywa enzi zetu. Nitaandika. Lakini niwaambie mapema, msije mkadhani nawazungusha: katika kazi hii niliharibu jina la mtu. Anaitwa Jafeti, alikuwa mchimbaji wetu, na mimi sijatulia tangu siku hiyo. Hata sasa nimeinuka mara tatu kabla ya kumaliza aya hii. Mara nitazame sufuria, mara nifukuze kuku kwenye mahindi. Mwili umestaafu, mikono bado.

Haya, kazi yenyewe. Kituo chetu kilikuwa nyumba ya mabati upande wa Shirere, kabla vyumba vya kupangisha wanafunzi havijajaa kule. Tulikuwa tunakusanya fuwele kwa ajili ya shule, vyuo na makumbusho. Fuwele ni jiwe lililokua kwa umbo lake lenyewe, lenye pande na ncha, kana kwamba limechongwa na fundi. Kwetu watu walijua dhahabu tu. Walikuwa wakituona tumebeba magunia ya mawe meupe wanatucheka: "Ninyi mnaacha dhahabu mnabeba chumvi!"

Kalsaiti hukaa katika mishipa. Mshipa ni ufa wa zamani katika mwamba mweusi, ambao maji ya chini ya ardhi yaliujaza madini polepole. Mwingine una upana wa kidole, mwingine mtu anaweza kuingiza bega. Fuwele huanza kukua kwenye ukuta wa ule ufa, halafu kalsaiti huja baadaye na kuifunika yote. Kwa hiyo mchimbaji mzuri haitafuti fuwele. Anatafuta mahali kalsaiti ilipobadilika rangi kidogo, anapima kwa macho, kisha anakata bonge zima kwa tindo na nyundo, mbali na kile anachokitaka. Ukipiga karibu, ufa unakimbilia kwenye fuwele na kuipasua, nawe unabaki na vigae mkononi.

Jafeti alikuwa bingwa wa hiyo kazi. Mtu mfupi, mabega mapana, maneno mengi. Alikuwa kibarua tu, hakuwa ameandikwa kazi ya kudumu, lakini hata Mkuu wa Kituo alikuwa akimuuliza yeye kabla ya kufungua shimo. Bonge akishalitoa alilizungushia karatasi ya choo, halafu magazeti, halafu majani makavu ya mgomba, akalibeba mgongoni. Baiskeli alikataa katakata. "Baiskeli inatingishanga," alisema. "Hili jiwe limelala miaka yote hiyo, mimi ni nani nilitingishe?"

Likifika kituoni linakuwa langu. Nililisugua tope kwa mswaki, kisha nikaliweka kwenye beseni la asidi iliyopunguzwa makali. Hapa sikilizeni: asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, la sivyo itakurukia usoni. Unajaribu kwanza kipembe kimoja uone kama fuwele yenyewe haiumii, maana ziko zinazoliwa pamoja na kalsaiti. Povu likipungua unalitoa jiwe, unalizamisha kwenye maji ya magadi ili ukali ufe, kisha maji safi siku mbili tatu. Mwisho unatia nukta ya rangi ya kucha chini yake na kuandika namba. Mume wangu alishangaa mwaka mzima kwa nini nanunua rangi ya kucha na kucha zangu hazina rangi.

Mkuu wa Kituo alikuwa na amri mbili. Ya kwanza: kabla jiwe halijaguswa na maji, andika kwenye daftari limefikaje, limeshikana na nini, limetoka shimo gani. Ya pili aliipigia kelele kuliko zote: "Acha robo!" Maana yake, usiimalize kalsaiti yote. Acha robo ya fuwele ikiwa bado imeng'ang'ania kitanda chake. "Hiyo robo ni cheti chake cha kuzaliwa," alisema. "Ukiiondoa, umemfanya mtoto wa kuokotwa."

Mimi niliisikia amri hiyo, nikaitii, lakini ikinikereketa. Wageni walipenda mawe safi. Jiwe likitoka linang'aa kila upande, watu walisema, "Wee! Hii ni mikono ya Rispa," nami kichwa kikavimba. Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, ya miezi sita iliyogeuka miaka miwili, na nilikuwa mwanamke wa pekee pale. Niliona usafi ndio utakaoniandikisha.

Jafeti alinitania: "Rispa, wewe unaoshanga mawe kuliko vyombo. Bwanako halalamiki?"

"Halalamiki," nikamjibu. "Na wewe ile ingokho, kuku wetu wa Krismasi, uliikuta kwenye sahani chafu?"

"Aka! Sahani sikuiona. Nilikuwa naangalia paja."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, kama ndugu.

Ijumaa moja, mvua za masika zikiwa zimeanza, Jafeti alikuja amelowa tope hadi shingoni, bonge mgongoni ukubwa wa kichwa cha ndama. Mkuu wa Kituo alikuwa mjini kwa mikutano, tulikuwa wawili tu. Akalitua taratibu. Kalsaiti ilikuwa imelifunika lote, isipokuwa kipembe kimoja ukubwa wa punje ya haragwe, rangi ya asali.

"Limetoka shimo la chini," akasema, akihema. "Kina cha watu watatu, upande wa juu wa mshipa. Andika kwanza, Rispa. Hili silijui. Sijawahi kuliona."

"Nitaandika," nikasema. "Nenda ubadilishe nguo, utapata homa."

Sikuandika. Jumatatu alikuwa anakuja Bwana Mtaalamu kutoka Nairobi kukagua kituo, na nilitaka alikute lile jiwe limekaa mezani, aulize ni mikono ya nani. Nikajaribu kipembe, hakikuumia. Nikaliingiza kwenye beseni Ijumaa hiyo hiyo, Jumamosi nikarudia, na Jumapili nikatoka kanisani moja kwa moja hadi kituoni, na kitambaa changu cha kanisani kichwani.

Haki, lilikuwa zuri! Lilikuwa na ukubwa wa kidole gumba cha mwanamume, ncha juu na ncha chini, kama piramidi mbili zilizounganishwa kwa makalio. Lilikuwa zito mkononi kupita kiasi. Nikalipeleka chini ya taa yetu ya kupimia mawe, yenye mwanga wa zambarau, likawaka bluu kama moto wa jiko la gesi. Wataalamu huliita shelaiti. Kila povu lilipotulia nilijiambia, bado kidogo, hapa pameonekana, hapa bado. Nilipokuja kuzinduka hakukuwa na robo. Hakukuwa na chembe. Kalsaiti yote nilikuwa nimeimwaga uwanjani pamoja na maji ya beseni, na maji yakimwagika hayazoleki.

Nilishtuka, lakini si sana. Nilijiambia, shimo lipo, Jafeti yupo, kutakosekana nini? Kumbe mvua ya Jumamosi ilikuwa imeliporomosha lile shimo lote.

Jumatatu Bwana Mtaalamu alilishika lile jiwe, akalitazama kwa lenzi muda mrefu, na uso wake badala ya kufurahi ukakunjamana.

"Limetoka wapi?"

"Hapa hapa," Mkuu wa Kituo akasema kwa fahari. "Kibarua wetu amelitoa."

"Jiwe safi namna hii naliona madukani Nairobi. Kitanda chake kiko wapi?" Akageukia daftari, akakuta mstari wa Ijumaa ni mtupu. "Shimo liko wapi?" Akaambiwa limeporomoka. Akacheka kidogo kwa pua. "Shimo hakuna, kitanda hakuna, maandishi hakuna. Na kibarua huyu, akipata kitu kipya, mlimwahidi nini?"

Mkuu wa Kituo akasita. "Kazi ya kudumu."

"Haya basi."

Ndipo Mkuu wa Kituo alipogeuka kwangu. Jafeti alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, ametulia kabisa. Alitulia kwa sababu alijua nitasema nini.

"Rispa," Mkuu akasema, "ulilipokea likiwaje?"

Ulimi hauna mfupa. Niliona daftari tupu, nikaona amri mbili nilizovunja, nikaiona kazi yangu ikienda. Nikasema, "Nililetewa likiwa hivi hivi, safi."

Jafeti hakupiga kelele. Alisema, "Rispa?" Kisha akasema, "Mwambie vizuri, dada. Mwambie vile lilikuwa." Mimi nikainama, nikajifanya nafuta beseni.

Aliondoka kabla ya saa sita mchana. Mkuu wa Kituo alimwambia hatuhitaji mtu anayenunua mawe ili aandikwe kazi. Mimi nilikaa chini nikaujaza ule mstari wa Ijumaa kwa mwandiko mzuri: imepokewa ikiwa safi. Mwezi uliofuata nikaandikwa kazi ya kudumu. Na kabla mwezi huo haujaisha, sokoni kwao Jafeti walikuwa wameshampa jina: Dukani. "Dukani, leo umetuletea jiwe gani?" "Dukani, kilo ngapi?" Mke wake aliacha kwenda sokoni kwa sababu ya hilo jina. Watoto wake walienda nalo shuleni.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na nimeitembea kwa miguu yote miwili.

Nilihamishiwa Chekalini, kule Lugari, nchi ya mahindi na miamba mingine kabisa. Kalsaiti hakuna. Tulipima udongo na kokoto za mito. Bosi wangu kule, Bibi Msimamizi, alikuwa mama mpole mwenye macho ya mwewe. Siku moja alifungua daftari langu akakuta kokoto moja imeandikiwa ukurasa mzima: imetoka wapi, nani ameileta, saa ngapi, imelowa au imekauka, imefungwa kwa kitu gani. Akaniuliza, "Rispa, mbona unaandika kila kokoto kama unamwandikia hakimu?"

Nikacheka. Nikasema ni mazoea. Akanitazama, akasema, "Hapana, hayo si mazoea. Hiyo ni hofu." Sikulala usiku huo, na asubuhi nikaandika vilevile.

Kutoka hapo nikapelekwa Khwisero, nikifundisha walimu kutumia masanduku ya mawe darasani. Niliwafundisha vizuri. Niliwaambia waache robo. Walimu walicheka jinsi nilivyokuwa nikipaza sauti kwenye hilo neno, mpaka mmoja akaninong'oneza, "Mama, tumesikia, usilie." Kumbe nilikuwa nalia.

Miaka yangu ya mwisho nilirudishwa Kakamega kuwa Msimamizi wa Stoo. Funguo zote mikononi mwangu. Nilifungua droo nikaikuta ile fuwele, na karatasi yake: asili haijulikani, yashukiwa kununuliwa. Ningeweza kuibadilisha ile karatasi kwa kalamu ya shilingi chache. Lakini marekebisho yalihitaji jina na saini ya anayerekebisha, pamoja na sababu. Nilifunga droo. Niliifungua na kuifunga hivyo miaka sita. Nilipostaafu walinichinjia kuku, wakaninunulia blanketi, na mkubwa mmoja akasimama akaniita mtumishi mwaminifu. Obusuma ule, ugali wa sherehe yangu, niliurudisha jikoni bila kuugusa.

Sasa mwaka huu ndio mkaja ninyi vijana, mkakaa hapa kwenye kochi langu, mkaniuliza maswali mazuri. Mmoja wenu, mpole sana, akaniita bibi kwa lugha yetu, akasema, "Kukhu, hiyo shelaiti kweli ilipatikanaga huku, ama ni ile tu ya Dukani?"

Hakujua. Hata hakuwa amezaliwa. Nikawapa chai, nikawaaga, na kesho yake nikavaa viatu nikaenda kwa Jafeti.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akipepeta maharagwe. Amezeeka, mabega yameshuka, lakini macho ni yale yale. Akasema, "Mulembe, Rispa," kana kwamba tuliachana jana. Akanipa kiti. Nikakataa kukaa. Nikamwambia nimekuja kumweleza jambo ambalo nimelibeba miaka yote: kwamba lile jiwe aliniletea likiwa limefunikwa, kwamba mimi ndiye niliyelimaliza kwa asidi, kwamba nilidanganya ili nisifukuzwe kazi. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikingoja alie au anifukuze.

Akaweka ungo chini. "Rispa, hiyo unaniambia mimi?"

"Ndiyo. Nisamehe."

"Mimi ndiye nilikubebea hilo jiwe. Nilijua siku ile ile, nikiwa pale mlangoni. Unanieleza kitu ambacho mimi ndiye mwenyewe?" Sasa sauti yake ilipanda, na nilishukuru kwamba imepanda. "Miaka yote nikasema, Rispa akipata nafasi atawaambia. Akiandikwa kazi, atawaambia. Akiwa mkubwa, atawaambia. Akistaafu sasa haogopi mtu, atawaambia. Na wewe unakuja kuniambia mimi! Hao watu wanaoniita Dukani wako wapi? Wako hapa nyuma ya nyumba?"

Yule mtu alikuwa sahihi. Nilikuwa nimechagua mtu mmoja tu duniani ambaye hakuhitaji kuambiwa.

"Basi niambie niseme wapi," nikasema.

"Jumapili," akasema. "Kanisani kwetu. Na ukimaliza, uandike."

Bwana Mtaalamu alikwisha kufariki, Mkuu wa Kituo pia, Mungu awarehemu. Masanduku ya kituo yamehamishiwa mji mkuu. Nimewaandikia barua kuhusu ile karatasi ya droo, kwa jina langu na saini yangu, na bado sijajibiwa. Nitaandika nyingine.

Jumapili nilisimama mbele ya watu baada ya matangazo. Nilisema kwa sauti: mimi Rispa nilidanganya. Jafeti alilitoa lile jiwe katika ardhi hii, kwa mikono yake, likiwa na kalsaiti yake yote, na mimi ndiye niliyeiondoa. Hakununua kitu dukani. Wazee wawili watatu walitikisa vichwa. Mke wa Jafeti, aliyekaa upande wa akina mama, alijifunika uso kwa leso na mabega yakawa yanacheza. Jafeti mwenyewe alikuwa amesimama wima katika mstari wake, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

Mzee wa kanisa akaja mbele, akanishika mkono, akasema Mungu ni mwema, mambo ya zamani yamepita. Kisha akageuka kwa furaha, moyo mweupe kabisa, akasema, "Haya, Mzee Dukani, mpeleke mgeni wako apate chai."

Na Jafeti akaitika, "Naam."

Hakuna aliyecheka. Halikuwa tusi tena. Wengi mle ndani hawakumjua kwa jina jingine, na wajukuu zake waliokuwa pale mbele ni watoto wa kwa Dukani. Nilisimama pale mkono wangu ukiwa bado umeshikwa, nikaona kwamba asidi yangu siku ile haikula kalsaiti peke yake.

Vijana wangu, kazi nimewaeleza nilivyoijua: msumari, tindo, beseni, robo, daftari. Yafuateni, yatawafaa. Lakini mimi sijatulia, na sidhani nitatulia, kwa hiyo nawatuma. Mkienda upande ule kutafuta mishipa, piteni kwake, mwombeni awaonyeshe lilipokuwa shimo la chini, maana hakuna anayepajua kuliko yeye. Mkifika uani mwiteni Jafeti. Mara ya kwanza hataitika. Mwiteni tena.